Watatu Hawakosei

Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, juu ya duka la mapazia, na kazi yake ilikuwa kujua mambo ambayo wenyewe hawakutaka yajulikane. Kampuni inayouza hisa sokoni hutangaza hesabu zake kila mwaka, itake isitake. Kampuni binafsi haina wajibu huo. Mwenyewe anajua anauza kiasi gani, mkewe anakisia, na mtoza kodi anaambiwa. Sasa akitokea mtu wa nchi nyingine anayetaka kununua nusu ya kampuni hiyo, amuulize nani? Anaiuliza ghorofa ya nne. Analipa, anapewa tarakimu, anaondoka ameridhika.

Tarakimu zenyewe zilipatikana kwa taabu. Kuna nchi ambako msajili wa kampuni anakupa hesabu bure, siku hiyo hiyo, na ndani yake hamna kitu. Kuna nchi ambako anataka barua, muhuri na risiti, halafu anakwambia jalada limetoka, na aliyelitoa yuko likizo. Nchi moja inafunga mwaka wa hesabu mwezi Juni, jirani yake Desemba, na kuzilinganisha ni sawa na kupima kimo cha watu wawili, mmoja amesimama, mwingine ameketi. Kwa sababu hiyo Mkurugenzi alikuwa ameweka kanuni, ikaandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa juu ya mashine ya kunakili: TARAKIMU ILIYOONEKANA MAHALI PATATU NI YA KWELI. Kwa mdomo aliifupisha: "Watatu hawakosei." Tarakimu yenye vyanzo vitatu ilipewa alama ya kijani katika kanzidata. Iliyopungukiwa ilipewa nyekundu. Wateja walilipia kijani.

Mwanamke aliyesimamia kitengo cha uhakiki aliitwa Bi Chanzo, kwa kuwa hata ukimwambia nje mvua inanyesha, angekuuliza umeipata wapi habari hiyo. Alisomea takwimu, akazisoma vizuri, na katika maisha yake hakuwahi kusema "nahisi" pale ambapo angeweza kusema "nimepima." Kitengo alikiongoza kwa kukaimu. Alikaimu mwaka wa kwanza, akakaimu wa pili, na wa tatu ulikuwa mlangoni unapiga hodi. Lawama za mkuu, mshahara wa msaidizi.

Jumatatu moja Mkurugenzi alimwita.

"Kaa, Bi Chanzo. Kiwanda cha magodoro, nchi jirani, mali ya familia. Kuna mteja wetu anataka kununua nusu. Mauzo ya mwaka ni bilioni arobaini na mbili nukta saba. Imebaki sahihi yako tu."

"Vyanzo?"

"Nilijua!" Mkurugenzi alifurahi kama mtu aliyeshinda dau. "Kanzidata kubwa ya ng'ambo. Ripoti ya benki juu ya viwanda. Na gazeti la biashara, ile orodha yao ya Kampuni Mia Bora. Au unataka na malaika?"

"Vyote vinasema nukta saba?"

"Vyote! Ndiyo raha yake." Akainama mbele, sauti ikashuka. "Sikiliza. Ijumaa tia kijani. Jumatatu inayofuata bodi inakaa, na mimi mwenyewe napeleka jina lako uthibitishwe. Ukuu kamili, mshahara kamili. Umechoka kukaimu, na mimi nimechoka kukuangalia."

Bi Chanzo alirudi mezani kwake na nukta saba ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kanzidata ya ng'ambo ilifunga mwaka Desemba. Benki ilifunga Juni. Gazeti lilibadilisha fedha kwa kiwango chake lenyewe, ambacho hakikuwahi kulingana na cha mtu mwingine. Vyanzo vya kweli hutofautiana kidogo, kama mashahidi wa kweli. Mashahidi wanaolingana hadi nukta wamekaa kikao kabla ya kuja.

"Unaitazama nini hiyo?" aliuliza Bwana Wastani, jirani yake wa meza, ambaye jina hilo alilipata kwa kuziba kila pengo kwa wastani wa sekta. Hakuwa na alama nyekundu hata moja. "Imekomaa, chuma ule."

"Imekomaa mno."

"Wewe, mtu akikupa zawadi utamwomba risiti. Tia kijani, dada, ukanunue viatu."

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake sebuleni, anakunja shuka pamoja na binti yake, yaani wifi yake Bi Chanzo, ambaye alikuja kutembea wiki iliyopita na akasahau kuondoka. Mume wake, mwalimu wa hesabu, alikuwa anasahihisha madaftari kwenye meza ya kulia.

"Mkuu wa kitengo huyo!" mama mkwe alipaza sauti. "Mpisheni apite."

"Mama, sijathibitishwa bado."

"Umethibitishwa. Shangazi yenu kanipigia kunipa hongera. Mama wa ghorofa ya chini naye kanipa hongera. Leo asubuhi kapiga binamu yake mumeo, yule asiyejua hata kusalimia, kanipa hongera. Watu watatu hao! Lisemwalo lipo, mwanangu."

"Shangazi aliambiwa na nani?"

"Na binamu."

"Na binamu?"

"Na mama wa chini. Si wako chama kimoja?"

"Na mama wa chini je?"

Mama mkwe aliikagua shuka, akaona ina kona moja isiyonyooka, akaishughulikia kwa makini kuliko ilivyostahili. "Tulikutana ngazini siku moja," alisema. "Huenda nilimdokezea."

Wifi alijitupa kwenye kochi kwa kicheko. "Mama! Yaani umejipigia simu mwenyewe kwa njia ya kuzunguka!"

"Na hongera nimezipata," alisema mama mkwe bila haya. "Wewe umepata nini?"

Mwalimu alicheka hadi kalamu nyekundu ikamchora mtoto wa watu kosa ambalo hakulifanya. Bi Chanzo peke yake hakucheka. Alisimama na mkoba begani, akimtazama mama mkwe kwa heshima mpya, jinsi mtafiti anavyomtazama mwenzake aliyemtangulia kwenye ugunduzi.

Asubuhi alianza na simu.

"Ile ya magodoro tuliitoa kwenye ripoti ya benki," alisema mhariri wa gazeti. "Benki, mama. Hawa ndio wenye fedha. Wakosee wapi?"

"Tuliitoa kwenye kanzidata ya ng'ambo," alisema mtafiti wa benki. "Tunailipia pesa nyingi. Kitu cha bei ile hakiwezi kuwa cha uongo."

Kanzidata ya ng'ambo ilimweka kwenye muziki, ikamtoa, ikamrudisha, mwisho ikampa sauti ya mtu mpole sana. Chanzo chao, alisema mpole, ni mshirika wao wa kanda, taasisi ya kuaminika. Bi Chanzo akaomba jina na anwani ya taasisi hiyo. Mpole akamsomea: jina lilikuwa la ofisi yake mwenyewe, ghorofa ya nne, juu ya duka la mapazia.

Alimfuata Mkurugenzi. Mkurugenzi hakushtuka.

"Aa, ile! Ile niliitengeneza kwa mkono wangu. Enzi hizo tulikuwa watu wawili na birika moja."

"Uliitengenezaje?"

"Kisayansi. Walitoa kalenda, na kwenye kalenda kulikuwa na picha, malori yamejipanga mbele ya geti. Lori linabeba magodoro kadhaa, linakwenda safari kadhaa, godoro lina bei yake. Nikazidisha."

"Na nukta saba?"

"Lori la mwisho lilikatwa na ukingo wa picha," alisema Mkurugenzi. "Halikuonekana lote. Nisingeweza kulihesabu zima, ingekuwa udanganyifu."

Katika jibu hilo kulikuwa na uadilifu wa namna fulani, na Bi Chanzo hakujua auweke wapi.

"Kwa hiyo chanzo ni kimoja," alisema. "Na ni sisi."

"Wakati ule, ndiyo. Sasa ni vitatu. Mtu anazaliwa peke yake, anaoa, anazaa, unakuwa ukoo. Utaukana ukoo mzima kwa kuwa babu alikuwa mmoja? Ukiona vyaelea, Bi Chanzo, vimeundwa."

"Vimeundwa kwa picha ya kalenda."

"Vinaelea, havielei?" Akafungua faili jingine. "Ijumaa."

Hapo Bi Chanzo alifanya jambo ambalo ofisini halikuwa limefanywa na mtu yeyote, si kwa uvivu bali kwa kanuni: alimpigia simu mwenye kiwanda. Kanuni ilisema mwenye kampuni haulizwi, kwa kuwa ana maslahi. Simu ilipokewa na mzee mwenye sauti nene, na nyuma yake mashine ilikuwa inakohoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Unataka godoro la inchi ngapi?"

"Nataka kujua mauzo yenu ya mwaka jana."

"Bilioni arobaini na mbili nukta saba," alijibu mzee papo hapo, kama mtoto aliyekariri jedwali.

Bi Chanzo alivuta kalamu. Chanzo huru, hatimaye. "Umeipata wapi, mzee?"

"Si kwenye ripoti yenu? Niliinunua. Ghali, lakini ina picha nzuri."

"Mzee, wewe ndiye mwenye kiwanda."

"Ndiyo, mwanangu, na nilitaka kujua kinaendeleaje."

"Huna vitabu vya hesabu?"

"Vipo!" Mzee aliona ametukanwa. "Vipo vitatu. Kuna cha mtu wa kodi, hicho chembamba. Kuna cha benki, hicho kimenenepa. Na kuna cha wadogo zangu wawili, wenye hisa, hicho kina majonzi mengi."

"Kipi ni cha kweli?"

"Vyote ni vya kweli. Kila kimoja kina mtu wake."

"Na wewe mwenyewe unatazama kipi?"

"Mimi natazama stoo," alisema. "Ikijaa, nawafokea wauzaji. Ikiwa tupu, nawafokea mafundi. Siku zinakwenda."

Ijumaa ilifika. Bi Chanzo alikaa mbele ya jalada la magodoro akiwa na hakika moja tu, kwamba hakuna mtu duniani, hata mwenyewe, aliyejua kiwanda kile kinauza kiasi gani. Hilo nalo ni jambo la kweli, na jambo la kweli huandikwa. Kwenye kisanduku cha mauzo akaandika: haijulikani. Mfumo ukamjibu: ingiza tarakimu. Akafuta, akaacha tupu. Mfumo, kwa huruma yake, ukairudisha ile arobaini na mbili nukta saba. Akafuta tena. Mwisho akaingiza sifuri, na katika sehemu ya maelezo akaandika kwa lugha safi kuwa mauzo hayajulikani na tarakimu ya awali haikuwa na msingi. Alama ikawa nyekundu. Akatia sahihi, akaenda nyumbani, akala, akalala usingizi wa mtu aliyesema kweli.

Asichokijua ni kwamba maelezo hayakuwa yakitoka nje ya jengo. Tarakimu ndizo zilizosafiri. Ilitokea kuwa mmoja wa wajumbe wa bodi aliugua na kikao kikaahirishwa hadi mwisho wa mwezi, na sifuri ikapata nafasi ya kutembea. Kanzidata ya ng'ambo iliipokea kutoka kwa taasisi ya kuaminika. Benki iliipokea kutoka kwa kitu cha bei mbaya. Gazeti liliipokea kutoka kwa wenye fedha, likaandika ukurasa wa mbele: KIGOGO WA MAGODORO AANGUKA ASILIMIA MIA MOJA, na chini yake uchambuzi wa mtaalamu aliyeeleza kwa nini alikuwa ameliona hilo mapema. Bi Chanzo alifungua kompyuta asubuhi ile akakuta sifuri yake imepata vyanzo vitatu. Ilikuwa ya kijani.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe mezani kwake, jambo lisilo la kawaida. Uso wake ulikuwa na vita.

"Umeua kiwanda," alisema.

"Sikukiua. Niliandika kuwa hatujui."

"Uliandika sifuri!"

"Kwa hiyo sasa unasema tarakimu hiyo si ya kweli?"

Mkurugenzi aliitazama kanuni ukutani, akarudi chumbani kwake.

Wiki hiyo haijaisha, mwenye sauti nene alifika kwa miguu yake. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikaa kwenye kiti cha wageni, begi la safari mapajani, akakibonyeza kiti kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Sponji hii wamewauzia nani? Haina maisha." Kisha akamgeukia Bi Chanzo. "Wewe ndiye binti wa kwenye simu? Umeniua, mwanangu. Mwenye kuniletea malighafi anataka fedha mkononi, anasema hadai maiti. Benki imeniuliza funguo za geti ziko kwa nani. Wadogo zangu wamefika na mkanda wa kupimia, wanagawana kiwanja, na mimi nimo humo humo napita na chai yangu!"

"Samahani, mzee. Niliandika maelezo, hayakufika."

"Samahani yako nimeipokea, lakini haijazi stoo. Sasa sikiliza. Ilibidi niwaonyeshe watu kuwa niko hai. Nikaita mkaguzi, mtu baki, simjui hanijui. Nikampa vitabu vyote vitatu. Alikaa navyo, akahesabu na stoo, akahesabu na malori. Mara mbili alitoka nje kupunga upepo." Akafungua begi, akatoa hesabu zilizofungwa vizuri, zenye muhuri. "Bilioni kumi na tisa."

"Kumi na tisa!" Mkurugenzi alisema, na ilisikika kama mtu aliyeibiwa.

"Hata mimi nilishtuka. Ile yenu ya zamani niliipenda, nisiseme uongo. Nilikuwa nikitembea na kifua mbele. Lakini hii kumi na tisa naifahamu kwa sura. Ndiyo niliyokuwa nikiiona stoo miaka yote, sikujua jina lake tu."

Bi Chanzo alisoma ukurasa kwa ukurasa. Palipokuwa na shaka mkaguzi alikuwa ameandika shaka. Jumla zilijumlika. Hakuna kitu kilicholingana na kingine kupita kiasi. Ilikuwa ni hesabu nzuri kuliko zote alizowahi kuzishika, akaingiza kumi na tisa palepale, mbele yao wote wawili.

Alama ikawa nyekundu. Chanzo kimoja.

"Kwa nini inanitolea macho mekundu?" aliuliza mzee.

"Kwa sababu, mzee wangu," alisema Mkurugenzi kwa upole wa daktari, "habari hii inatoka mahali pamoja tu. Kwako."

"Kiwanda ni changu. Ilitakiwa itoke kwa nani?"

"Hapo ndipo penye tatizo. Kiwanda ni chako, kwa hiyo una maslahi."

Mzee alimtazama Mkurugenzi, akamtazama Bi Chanzo, akaitazama tena ile sponji. "Nimeelewa," alisema. "Nyie mnatafuta mtu asiyehusika, asiyejua, halafu wawe watatu."

Alipoondoka, Mkurugenzi alifunga mlango.

"Bodi inakaa Jumatatu," alisema. "Mteja anasubiri. Siwezi kumpa nyekundu, na sifuri sasa haiwezekani, maana mzee ameonekana na mapokezi yote. Rudisha arobaini na mbili nukta saba. Ina historia. Benki na gazeti watairudisha kwa furaha, hakuna anayependa kifo. Rudisha, na jina lako liko juu ya orodha. Mimi nitasahau mengine yote."

"Tunajua si kweli."

"Mimi na wewe tunajua. Hao ni watu wawili," alisema Mkurugenzi. "Hatufikii idadi."

Bi Chanzo alifanya hesabu, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua. Upande mmoja aliweka mshahara kamili, mlango wenye jina lake, miaka ya kukaimu iliyokwisha kutafunwa. Upande wa pili akaweka kumi na tisa. Aliangalia kama kuna njia ya tatu, hakuiona. Hakuhisi ushujaa wowote. Alihisi anachohisi mtu aliyeulizwa mbili jumlisha mbili mbele ya mwajiri anayependelea tano.

"Nitaacha kumi na tisa," alisema. "Nyekundu."

Mteja, aliyeona kwa mwezi mmoja arobaini na mbili ya gazetini, sifuri ya kijani na kumi na tisa nyekundu, alifanya ukatili ambao biashara ya takwimu haijawahi kujikinga nao: alikata tiketi akaenda kuangalia. Aliingia getini, akasalimia, akaomba kuonyeshwa stoo. Alihesabu, akalala juu ya magodoro mawili matatu, akasoma hesabu za mkaguzi akiwa amekaa juu ya moja, akanunua nusu ya kiwanda kwa bei ya kumi na tisa. Wadogo wawili wa mzee waliondoka na mkanda wao. Kisha akaiandikia ghorofa ya nne kusitisha usajili wake, akaeleza kuwa amegundua huduma iliyo nafuu zaidi, nayo ni mlango.

Bodi ilikaa Jumatatu. Mkurugenzi aliwasilisha jina moja, la Bwana Wastani, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kupata alama nyekundu, na wajumbe watatu waliafiki. Alithibitishwa kabla ya chai. Bi Chanzo alirudishwa kwenye usaidizi, ambako mshahara wake ulikuwa ukimngojea wakati wote huo.

"Usinichukie, dada," alisema Bwana Wastani akihamisha kikombe chake kwenda chumba chenye mlango.

"Sikuchukii. Nimeangalia, sina ushahidi wa kutosha."

Mkuu mpya alitoa agizo lake la kwanza mchana huo huo, na ilibidi litafutiwe nafasi ukutani: ni marufuku kuwapigia simu wenye kampuni katika saa za kazi, kwa kuwa wanavuruga takwimu. Bi Chanzo alilisoma hadi mwisho, kama alivyosoma kila kitu. Juu ya meza yake palikuwa na jalada jipya, kampuni ya saruji, vyanzo vitatu, vinalingana hadi nukta.

Akalifungua, akatafuta namba ya mwenye kampuni, akaitazama saa. Wenzake walipoanza kushuka ngazi kwenda kula, akapiga.